Jukwaa la Hisa na Kiu ya Kaka Saidi

Jumapili ya mwisho ya Oktoba, mwaka jana, nilipoteza maandishi yote ya marehemu kaka yangu, Saidi. Haya ninayosimulia yalinipata mwenyewe, nikiwa macho, akili timamu. Ningekuwa natunga, ningejipa sehemu yenye heshima kidogo.

Kaka alikuwa mwalimu, akiishi mjini, Shangani. Mimi mkulima wa korosho, kijijini Mpapura, na shule niliishia darasa la saba. Yeye ndiye aliyeniingiza kwenye jukwaa la mtandaoni la watu wanaojadili hisa. Aliandika humo karibu kila jioni. Aliwaeleza wageni maana ya gawio, akawatania wenye haraka ya kutajirika: "Ndugu yangu, hata mkorosho hauzai siku unayoupanda." Alipofariki hakuacha picha nzuri wala sauti iliyorekodiwa. Aliacha hayo maandishi. Nilikuwa nasoma machache kabla ya kulala, basi, naona kama tumeongea.

Jumapili ile nikafungua, nikakuta jukwaa limebadilishwa. Mijadala ya zamani haionekani. Sehemu ya kutafuta haipo. Ni picha kubwa kubwa na matangazo yanayorukaruka. Wanachama walikuwa wamewaka. "Turudishieni jukwaa letu! Hapa tunatafuta hisa au wachumba?" mmoja aliandika. Kijana akamjibu, "Babu, zoea au kalale." Ningewaambia nini watu wanaogombania vitufe?

Kesho yake, baada ya swala ya isha, nikaenda kwenye kibaraza cha ghala la korosho, maana hapo ndipo mtandao unaposhika vizuri. Nikawa nabonyeza huku na huku kwa hasira. Mtu akaja akaketi pembeni yangu. Sikuinua uso. Niliona mkono tu, ukaichukua simu yangu taratibu. Kidole gumba kilikuwa na kovu la panga. Niamini, jeraha lile la kaka lilishonwa mimi nikiwa nimemshika bega.

Wewe ungekimbia? Mimi sikukimbia, na wala si ushujaa. Kwenye kioo cha simu mijadala ya zamani ilikuwa imerudi, na jina la kaka lilikuwa pale, na maneno yake yote.

"Nimetembea sana, mdogo wangu," alisema. Sauti ilikuwa yake, ila imekauka. "Nina kiu."

Unajua nilimjibu nini?

"Subiri kidogo, kaka. Nioneshe kwanza sehemu ya kutafuta wameificha wapi."

Kwetu mgeni hupewa maji kabla ya kuulizwa kilichomleta, hata awe mtu mliyegombana naye. Mtoto mdogo analijua hilo. Na chupa yangu ya maji ilikuwa hapo hapo, karibu na goti.

"Haya," akasema. Akagusa mahali, akanirudishia simu. Nikainama kusoma. Nikasoma, nikacheka hata, pale alipomtania mtu aliyeuza mbuzi wa mkewe akanunue hisa. Nikageuka nimwoneshe. Hakuna mtu. Nilipotazama simu, matangazo yalikuwa yanarukaruka tena.

Tangu siku hiyo naenda pale na chupa, kila jioni, sifungui simu. Narudi na chupa bado imejaa. Watu wa kijijini wanadhani nalinda ghala. Nawaacha wadhani hivyo, maana ukweli unanifedhehesha. Nawe unayesoma haya, pengine ni kwenye simu: mtu akiketi pembeni yako, iweke chini, umtazame usoni. Usiseme "subiri."

Juzi nilikwenda Shangani kumweleza shemeji, mjane wa kaka. Aliniwekea chai, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Alikuwaje usoni?" akauliza.

"Sikumtazama, shemeji."

"Na alisema ana kiu?"

"Alisema."

"Ukampa?"

Nikainamisha kichwa. Shemeji hakulia, wala hakunigombeza. Alinyanyuka, akachukua kikombe cha chai kilichokuwa mbele yangu, bado kimejaa, akarudi nacho jikoni.