Shangazi Aliyekuja Kuona Figo

Kabla ya kukubali posa ya mdogo wangu, ukoo wa binti aliyemchumbia ulitaka kujua kilichomuua baba yetu. Ndiyo desturi: hutumwa mtu kuchunguza. Safari hii alitumwa shangazi wa binti, mama mmoja wa mtaa wa Buluk. Yeye alikulia ukimbizini Uganda, sisi Kenya, tukaelewana kwa Kiswahili.

Mdogo wangu, muuza spea za pikipiki pale mtaa wa Sherikat, hakungoja aulizwe mara mbili.

"Figo," alisema. "Zilijaa vifuko vya maji. Babu pia. Jumatatu napigwa picha nijue kama nami ninavyo."

"Basi Jumatatu mimi iko," shangazi akajibu.

Na kweli alikuwepo hospitalini, amekaa karibu na skrini kuliko daktari. Mimi nilikaa mlangoni na daftari langu la kuandikia maneno ya daktari.

Daktari alimpaka mdogo wangu jeli tumboni, akapitisha kifaa, akaonyesha duara jeusi, kisha lingine.

"Umerithi," alisema. "Ila majibu ya damu yanasema figo bado zinafanya kazi vizuri."

"Nani amemtia hivyo vitu?" shangazi akauliza.

"Hakuna mtu, mama. Kila seli kwenye mirija ya figo ina kiunywele kinachopokea habari za jinsi mkojo unavyopita. Seli hutengeneza protini na kuisafirisha hadi kwenye kiunywele hicho. Katika ukoo huu protini moja ina kasoro, haifiki inavyotakiwa. Seli zikikosa habari huongezeka ovyo, vifuko vinaota."

"Kama spea zangu," mdogo wangu akasema, jeli ikimtiririka. "Zinatoka Kampala, zinaishia mpakani Nimule, na mimi nakodoa macho dukani."

Daktari alicheka. Shangazi hakucheka.

"Na watoto wake?"

"Kila mmoja anaweza kurithi au asirithi, nusu kwa nusu. Yeye apime presha, anywe maji, aache kumeza dawa za maumivu ovyo."

Nje, mdogo wangu aliuliza kwa sauti ndogo, "Shangazi, utawaambia nini?"

"Nitasema uko na vifuko. Halafu nitasema mume wangu alinificha ugonjwa wa sukari mpaka nikakuta dawa ndani ya kiatu. Wewe umeniacha niangalie tumbo lako. Khalas, yameisha. Binti aamue."

Akampigia binti simu hapo hapo, akamweleza yote kwa sauti ya kusikika barabara nzima.

"Leo amekunywa maji?" binti akauliza kwenye spika.

Shangazi alinunua chupa kubwa. "Kunywa, mkwe." Alimsimamia mpaka tone la mwisho, kisha akanigeukia.

"Na wewe wa daftari, baba si mmoja? Rudi ndani, jeli haijaisha."