Fundi Aliyemwaga Baruti ya Mjomba Wangu

Nilikuwa kwa kinyozi mjini Tabora, nusu ya kichwa imeshanyolewa na nusu bado, simu ilipolia. Alikuwa mjomba wangu wa Sikonge, mtu asiyepiga simu ila kuna msiba au mbolea imechelewa. Hakusalimia. "Mpwa, fundi katutoka. Tunazika kesho." Nilikaa pale na kitambaa shingoni, machozi yakinitoka, mpaka kinyozi akauliza kama amenikata. Wasomaji wangu wa siku zote mnajua kwamba silii hovyo, na kwamba misiba mingi huniongezea maneno badala ya kunipunguzia. Huu ulininyang'anya hata niliyokuwa nayo. Nimeandika humu kwenye safu hii juu ya watu wakubwa na wadogo, lakini yeye sikumwandika hata mstari mmoja, kwa sababu kila nilipojaribu niliona nitalazimika kueleza na yale niliyoyafanya mimi.

Alikuwa fundi wa magobore. Kwa vijana ambao hawajawahi kuliona, gobore ni bunduki ya kushindilia kwa mdomoni: unamimina baruti, unatia kitambaa, unashindilia kwa mdeki, yaani ule ufito wa chuma, unatia gololi, unaweka fataki nyuma, kisha unamwomba Mungu. Bunduki za namna hiyo ziliingia Unyamwezi pamoja na misafara kutoka pwani, na palipo na bunduki hapakosi wa kuitengeneza. Babu yake fundi alizitengeneza Tabora enzi hizo, baba yake akahamia Sikonge kufuata warina asali na wawindaji, na yeye akarithi mvukuto na fuawe ya kufulia chuma, ambayo ilikuwa kipande cha reli. Kibali chake cha kazi alikitundika ukutani ndani ya fremu iliyonunuliwa kwa ajili ya picha ya harusi. Nilimuuliza picha ya harusi iko wapi. Akasema mkewe yupo ndani, hahitaji picha yake.

Mara ya kwanza kumwona akifanya kazi niliduwaa. Aliuning'iniza mtutu kwa uzi, akaugonga kidogo kwa nyundo ndogo, akafumba macho. Mtutu mzima huimba, alisema. Wenye ufa hukohoa. Mimi sikusikia wimbo wala kikohozi, nilisikia chuma tu. Alinionyesha kwa ukucha mahali ufa ulipo, nikatazama nisione kitu, akapaka mafuta na kufuta, na hapo ukajitokeza mstari mwembamba kuliko unywele. Gobore aliloliona bovu hakulirudisha kwa mwenyewe likiwa na mtutu. Na lile alilolitengeneza alilipiga kwanza yeye, shavu lake mwenyewe kwenye kitako, mbele ya mwenye mali. Sijaona bado daktari anayemeza dawa yake kwanza, wala mhandisi anayelala chini ya daraja lake. Ndiyo maana nilimwogopa kidogo, kwa namna ile tunavyowaogopa watu waliokamilika katika jambo moja.

Sasa nije kwenye kosa langu. Miaka kumi na kadhaa iliyopita nguruwe pori walikuwa wakimaliza mahindi na karanga za mjomba. Alikuwa na gobore lake lenye leseni, ila baruti ya kienyeji ilikuwa imeadimika, na iliyopatikana ilikuwa ya kuwatia nguruwe mafua tu. Mimi, mtu wa mjini, mjanja, nilikuwa na rafiki mwenye bunduki ya kisasa. Aliniachia risasi kadhaa za marisau, zile za ganda lililojaa vigololi. Nikazipasua, nikamimina baruti yake kwenye chupa ya vidonge, nikaifunga vizuri, nikapanda basi kwenda Sikonge nikijiona mkombozi wa kilimo. Mjomba aliipokea kwa mikono miwili. "Mgeni njoo, mwenyeji apone!" akasema, akamwita shangazi, mkewe, aje aione. Alinishukuru jioni ile mara nyingi mpaka nikaona haya.

Angeitumia usiku uleule, kama si kifyatuo cha gobore kulegea. Asubuhi tukaenda kwa fundi, mjomba na baiskeli yake, mimi na ya kuazima. Fundi akakikaza kifyatuo, akasema, "Haya, leteni baruti nijaribu." Mjomba akatoa chupa mfukoni kwa maringo. Fundi akamimina kidogo kiganjani. Akaisugua kwa kidole. Akainusa. Kisha akamtazama mjomba kwa uso mchangamfu, akamwambia, "Mzee mwenzangu, pita ndani kwanza, mama ana uji wa ulezi. Huu mtutu unataka kusafishwa." Mjomba hajawahi kuukataa uji. Alipoingia, fundi akanigeukia mimi, na ule uchangamfu wote ukawa umekwisha.

"Hii umeileta wewe."

Nilisema ndiyo, na ninaona aibu kukiri kwamba nilingoja sifa. Akanionyesha kiganja. Vilikuwa vipande vidogo bapa, vya kijivu, vimelingana vyote, vinanuka kama rangi ya kucha, na kiganja kilikuwa safi. Baruti tuliyoizoea hukuachia weusi mkononi. Akachukua vigae viwili vya chungu, kimoja akatia ya kwake kidogo, kingine ya kwangu, akaviwasha kwa kijinga cha moto. Ya kwake iliruka mara moja, fuu, moshi mweupe ukatufunika na harufu ya mayai yaliyooza. Ya kwangu iliungua polepole, mwali wa manjano, bila moshi wa maana, kama karatasi tu. Nikacheka. Nikamwambia, "Sasa fundi, mbona hii ni dhaifu? Hii si itashindwa hata na nguruwe?"

Hakucheka. "Kijana, ile ya zamani hasira yake ni hiyohiyo, nje au ndani. Hii yako nje ni pole kama ulivyoiona. Ifungie sasa. Kadiri unavyoibana ndivyo inavyozidi kuwaka, na inavyozidi kuwaka ndivyo inavyojibana. Bunduki yake imeundwa kwa ajili hiyo." Akaugonga mtutu wa mjomba kwa ukucha. "Huu ulifuliwa kwa ajili ya ile nyingine. Na mjomba wako anapima vipi?"

Nilijua anavyopima. Sote tulijua. Baada ya kushindilia unaacha mdeki mdomoni mwa mtutu, unahesabu vidole vya sehemu iliyobaki nje. Mjomba alipima vidole vinne, kama baba yake alivyompimia. Hapo ndipo nilipoelewa: vidole vinne vya baruti yangu vingeupasua mtutu. Nilimwona mjomba ameinama juu ya lile gobore, shavu limegusa kitako, jicho moja limefumbwa, akiwaza nguruwe. Nikakaa chini kwenye vumbi la mkaa na suruali yangu ya mjini.

"Kipya si kibaya," fundi akasema. "Mimi mwenyewe ningependa bunduki ya kisasa. Ubaya ni kukipima kipya kwa vidole vya baba."

Nikasema nakwenda kumwambia mjomba sasa hivi. Akanishika mkono, na mkono ule ulikuwa mgumu kama mpini. "Mjomba wako ana watoto?" Hana, nikajibu. "Shamba atamwachia nani?" Mrithi nilikuwa mimi, na ndugu za shangazi walikuwa wameshaanza maneno. "Haya. Ukisema leo, kufika Jumapili itakuwa mpwa alimletea mjomba kifo kwenye chupa, ili arithi. Nani atakuamini kwamba ni ujinga? Ujinga wa mtu aliyesoma hauaminiki. Na shangazi yako hatakupakulia tena chakula kwa moyo mweupe." Akaimwaga chupa yote chini, akaiwasha, ikaungua kimya kimya pale kwenye mchanga. Mjomba alipotoka na uji mdomoni, fundi akamwambia, "Mzee, unisamehe. Nimeimwaga baruti yako kwa bahati mbaya, ikashika moto." Akampa ya kwake, kidogo, ile ya kienyeji.

Mjomba alisema hapana neno. Njiani alianza kunung'unika, na tulipofika nyumbani alikuwa na hakika. "Fundi wa miaka yote ile amwage baruti? Kaiona ni nzuri, kaificha. Katupa hiki kivumbi chake." Maneno yale yalikwenda visimani, yakaenda kwenye mabanda ya kukaushia tumbaku, yakafika minadani. Mwizi wa baruti. Walikuwapo waliocheka tu, na walikuwapo walioanza kupeleka magobore yao kwa watu wengine, mbali. Na mimi niliyejua nilirudi Tabora, nikaandika safu juu ya uadilifu wa viongozi. Nilipongezwa sana kwa safu ile.

Baadaye serikali ilipotoa nafasi ya kusalimisha magobore kwa hiari, nilimwona tena. Wengi waliyapitisha kwake kwanza, kwa kuwa mengine yalikuwa yameshindiliwa zamani na waliokwisha kufa, hakuna ajuaye kilichomo ndani. Alitia maji kwenye tundu la fataki, akasubiri, akazungusha ndani ya mtutu chuma chenye ncha ya parafujo, akatoa gololi, vipande vya misumari, na kitambaa kimoja cha kanga ambacho mwenye gobore alikitambua kuwa cha mama yake. Tulisimama mbali kama watu walio kanisani. Mtutu hata mmoja hakuruhusu umwelekee mtu. Mjomba naye alileta lake, akalitupa mezani bila salamu. Fundi alilipokea taratibu kuliko yote, akalifuta hadi kitako. Aliniona nikimtazama. Alitikisa kichwa kidogo tu, kunikataza nisiseme.

Nimelifikiria sana neno lake la vidole vya baba. Tunaendesha pikipiki kwa akili ya baiskeli. Tunapima dawa ya wadudu kwa kizibo kilekile tulichopimia ya zamani, tukishangaa mikono kuchubuka. Tunatuma neno la hasira kwenye simu kama tulivyolisema zamani uani, mbele ya watu watatu waliotujua, na linasomwa na wilaya nzima. Wazee wanalaumu vitu vipya, vijana wanawacheka wazee, na fundi hakuwa upande wowote. Alitaka tu mtu ajue chuma alichoshika kilifuliwa kwa ajili ya nini. Hapo ndipo ninapomstaajabia, na nilidhani somo lake limeishia hapo. Nilijidanganya, maana hilo ndilo somo lisilonigharimu kitu.

Tulimzika kwa tarumbeta na kwaya, udongo mwekundu, watu wengi kuliko nilivyotarajia. Baadaye tukakaa kwenye mabenchi kungoja chakula. Wanaume wakawa wanamtaja kwa wema, na mjomba, ambaye sasa anatembea na mkongojo, akasema, "Mungu amlaze pema. Alikuwa fundi hasa. Ila ile baruti yangu, jamani!" Wakacheka, kicheko cha mazoea, bila ubaya. Mjane wake alikuwa anapita kati yetu na beseni na birika, akitunawisha mikono. Aliinamisha tu uso zaidi, na nikafahamu kwamba ameinamisha hivyo miaka yote.

Nikasimama. Nilikuwa na kichwa kilichonyolewa nusu, maana kwa kinyozi sikurudi, na kofia niliivua. Nikawaambia wote: chupa, risasi, vigae viwili, vidole vinne, shamba. Nilisema fundi hakuiba. Aliimwaga kwa kusudi, akajitwika wizi ili mimi nisiitwe muuaji. Kicheko kilikatika. Mjomba alinitazama mpaka nikatamani anipige.

"Ulipoileta, ulijua?" akauliza.

"Sikujua, mjomba."

"Yeye alijua?"

"Alijua."

Akatikisa kichwa polepole. "Kwa hiyo ningekufa huku nakushukuru," akasema.

Kisha akainuka na mkongojo wake, akamwendea mjane. Mama yule ni mdogo kwake kwa miaka mingi. Ndiye anayepaswa kumwamkia. Mjomba akapiga goti, jambo ambalo sijaliona akimfanyia yeyote, akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Shikamoo, mama." Mjane alisimama na birika mkononi, hawezi kuitika marahaba kwa mzee yule, hawezi kunyamaza. Alipata tu kusema, "Baba, inuka," na wote wawili wakalia.

Mimi somo langu ni fupi. Nia yangu ilikuwa njema siku ile, na nia njema ndiyo ingemuua mjomba. Lakini kwa hilo fundi alinisamehe siku ileile. Nisilojisamehe ni kwamba fundi aliniazimisha jina lake, nami nikalirudisha akiwa kaburini, kwa mkewe, mbele ya watu waliokuwa wanangoja wali. Kama kuna mtu amebeba kosa lako, msomaji, mwendee leo akiwa hai.