Mshipa wa Xavery na Ufunguo wa Lori

Wakati wa vita vya Kagera, Xavery Ndassa aliendesha lori la chakula cha askari, akarudi kijijini kwake Kirushya bila jeraha. Maumivu ya kifua yalimjia baadaye, akipanda kilima na mkungu wa ndizi begani. Kijiji kikamnyang'anya ufunguo wa lori la kijiji alilokuwa akiendesha. Dereva akizimia, maharage ya wote huingia korongoni.

Mwaka 1984 mapadre walimtafutia matibabu Ujerumani. Madaktari walipenyeza mrija kutoka pajani hadi moyoni, wakamwaga dawa inayoonekana kwenye eksirei, wakapiga picha. Mshipa mmoja wa moyo ulikuwa umebanwa. Wakaingiza kiputo, wakakijaza maji ya dawa mahali pale kuutanua, wakakitoa, wakapiga picha nyingine. Xavery alirudi na picha zote mbili.

Katika kikao cha kijiji, mwenyekiti Gozbert alitaka kuona kovu.

"Ndugu Xavery, hata ng'ombe akitumbuliwa jipu alama hubaki. Kovu lako liko wapi?"

"Pajani, Mwenyekiti. Nivue suruali?"

Kikao kilicheka. Gozbert hakucheka. Alichana uzi wa mgomba, ambao Kirushya hupimia mlango, kitanda na kaburi. Akapima mahali palipobanwa katika picha ya kwanza, akaufunga fundo, akauhamishia kwenye ya pili.

"Ni sawasawa. Hakuna kilichotanuka. Ufunguo unabaki kwangu."

"Umepima mshipa, hujapima mrija," Xavery alisema. "Huo hapo kando. Ni uleule katika picha zote."

Gozbert akaupima. "Mbona huku umekonda?"

"Haukukonda. Picha ya pili imechapwa ndogo, kila kitu kimepungua. Linganisha mshipa na mrija wake, kila picha peke yake."

Katika picha ya kwanza mshipa ulikuwa theluthi ya mrija. Katika ya pili ulikaribia kulingana nao. Gozbert alirudia kupima, akatoa ufunguo mfukoni.

"Mpaka soko la Lusahunga na kurudi. Ukiyamwaga maharage, nitakupima wewe kwa uzi huu."

"Utunze vizuri, Mwenyekiti. Utakauka kabla yangu."

Lori halikuwa na betri. Kikao kizima kililisukuma, Gozbert akiwa mbele ya wote. Lilipowaka, Xavery alichungulia dirishani, akamwona mwenyekiti ameinama, mikono magotini, akihema.

"Mwenyekiti, hicho kifua kimepigwa picha?"

Akatia gia.