Mwizi wa Eustakia

Eustakia wa kijiji cha Ntobeye alikuwa mjane, Mkatoliki wa kusali rozari mpaka punje zikang'aa, na mtundu kupita umri wake. Miaka ile kambi za wakimbizi zilipojaa watu na mashamba yetu yakaanza kuibiwa, yeye peke yake ndiye aliyemsifia mwizi wake.

"Wenu wanaharibu," alituambia jumuiyani. "Wangu ana adabu."

Na kweli. Mwizi wa Eustakia alikata mkungu wa ndizi, kisha badala ya kukimbia akafanya kazi ambayo hakutumwa na mtu. Mgomba uliokwisha kuzaa aliuangusha, akaukatakata, akautandaza chini uwe mbolea. Machipukizi yaliyobanana aliyang'oa, akaacha moja lenye afya. Asubuhi Eustakia alisimama pale, mikono kiunoni, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Tangu mumewe afariki, hakuna aliyelijali shamba lile namna hiyo.

"Huyu amezaliwa migombani," alisema. "Ananiibia, halafu anaona aibu kuondoka bila kusafisha!"

Wewe na mimi tungetega mtego. Eustakia alinunua mundu mpya, akaunoa, akauegemeza penye magugu mengi kuliko pote, maana mikato ilionyesha kwamba ule wa mwizi ulikuwa butu. Mundu ukatoweka, pakawa pasafi. Basi akaingiwa na tamaa. Akaanza kufunga kamba za mgomba kwenye mikungu ambayo angependa ikatwe. Masikini mwizi, akadhani ni dawa ya kunasa wezi! Akaikwepa yote, akakata mkungu uliotunzwa kwa ajili ya sikukuu ya parokia. Eustakia alinuna siku nzima. Kesho yake akafunga kamba kwenye ile asiyotaka iguswe, na mambo yakaenda vizuri.

Jirani yake Novatus, mwenyekiti wa jumuiya yetu, mtu mwema ila mwepesi wa hasira, alipoziona kamba hizo alimuuliza kama siku hizi ni mganga.

"Nasali tu," alijibu, "na Mungu ananijibu shambani."

Alfajiri moja Novatus akamkamata mwizi shambani mwa Eustakia. Jina lake Niyomugabo, Mrundi wa kambini, mwembamba, mkungu begani na mundu mkononi. Mara watu wakajaa na fimbo. Kila mmoja alikuwa ameibiwa na mtu asiyemjua, na sasa yule asiyejulikana alikuwa amepata mgongo wa kuchapwa. Niliogopa. Ilikuwa dhahiri kwamba wakianza, hatabaki mzima.

Eustakia akaja akihema, khanga imefungwa ovyo, akawapenya wote mpaka mbele ya Niyomugabo.

"Umechelewa!" alimkaripia. "Upande wa bondeni bado mchafu."



"Mama, unamjua huyu?" Novatus aliuliza.

"Kibarua wangu. Mundu huo ni wangu, muulize mhunzi aliyeniuzia. Na mkungu ndio ujira wake."

"Usinifanye mjinga, mama. Kibarua gani anakuja gizani?"

"Mwenye aibu." Kisha mzaha ukamwisha. "Mwenyekiti, wewe ndiye unayetusomea Injili. Mungu alitupenda lini? Tulipokwisha kutakata, au tukiwa bado wachafu?"

 Novatus alilitazama shamba lile, safi kuliko la kwake, akashusha fimbo. Wengine nao wakashusha, wakiguna.

"Nenda na mkungu wako," Eustakia alimwambia Niyomugabo. "Kesho uje mchana, kama watu."

Alikuja jua likiwa juu, amenawa uso.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kabla hujaanza kazi, chagua mkungu wa kuondoka nao."

Niyomugabo akaingia katika shamba alilolijua kuliko mwenye shamba. Akashika mkungu mmoja, akauacha. Akashika mwingine, mdogo kabisa, huo nao akauacha. Mwisho akakaa chini, juu ya matandazo aliyoyatandaza kwa mikono yake, akalia.

"Chagua wewe, mama. Mimi kupewa sijazoea."

Eustakia akaenda moja kwa moja kwenye mkungu mkubwa kuliko yote, uliofungwa kamba. Niyomugabo akarudi nyuma kwa hofu. Mama akaifungua ile kamba, akaitupa.

"Hauna dawa," alisema. "Nilikuwa nakunyima tu. Kata."