Barua Iliyosomwa Mbele ya Mwenyewe

Miaka ya tisini, nilipopelekwa Garissa kufundisha, niliwakuta walimu waliopika barua za mapendekezo kama pilau ya harusi: nyama kwa jamaa, ukoko kwa wengine. Mkuu wetu wa shule, Msomali wa Wajir, hakuutaka mchezo huo. Barua ikiwa tayari, alimwita mwanafunzi na mzazi wake, akawasomea kila neno kwa Kisomali kabla ya kuifunga bahasha.

"Usichoweza kukisoma mbele ya mtu," aliniambia, "usikiandike nyuma yake."

Mwaka mmoja chuo cha ualimu kilitupa nafasi moja. Walioiomba walikuwa wawili: mpwa wa mkuu, mtoto wa dada yake wa mtaa wa Iftin, na binti wa wafugaji wa Kotile. Alama zao zililingana, kwa hiyo barua ndizo zingeamua. Mkuu aliwaita wote pamoja na mama zao, asije akasemwa. Mimi nilikuwepo kwa sababu ndimi niliyezipiga taipu.

Alianza na ya mpwa wake: kijana ana akili na anaeleza hesabu vizuri, ila hana subira na wanaochelewa kuelewa. Dada yake alinigeukia, macho yamemtoka, akasema kwa Kiswahili chake cha lafudhi ya Kisomali, p ikigeuka b.

"Mwalimu, umesikia? Mtoto ya dada yake, hata sifa anabima na kijiko!"

Mkuu akageuza karatasi. Akasoma ya binti: wakati wa ukame alikosa shule akinywesha mifugo na mama yake, aliporudi alinakili masomo yote, na jioni akawaelekeza wenzake waliobaki nyuma.

Binti akainua mkono. "Kemia sikumaliza, mwalimu. Ilinishinda."

Mama yake alimfinya. Mkuu akachukua kalamu, akaongeza: isipokuwa Kemia. Sijawahi kumheshimu mwanafunzi kama nilivyomheshimu yule.

Dada mtu aliondoka na chai yake haijaguswa. Binti alipata nafasi, na mkuu akakosa mwaliko wa Idi pale Iftin.

Binti alihitimu, akarudi kufundisha shule ya msingi mjini, na kitinda mimba wa dada yule akapitia mikononi mwake, akielekezwa jioni pamoja na waliobaki nyuma. Kitinda mimba alipomaliza sekondari kwetu, mama yake alimleta ofisini kusomewa barua yake, akavuta kiti, akakaa.

"Soma, walaal," alimwambia kaka yake. "Usiongeze, usibunguze."