Maji ya Rumonge Hayafiki Mia

Nilisoma ufundi mitambo jioni, baada ya kutwa nzima ya kuchemsha chikichi kwenye kiwanda kidogo cha mawese. Nilinukia mafuta kiasi kwamba mbwa wote wa Rumonge walinisindikiza hadi mlangoni pa darasa.

Mwaka wa mwisho mwalimu wetu alitangaza kwamba atakayeshika nafasi ya kwanza katika mtihani wa laboratwari atabaki shuleni kama asistanti, mwenye mshahara na koti jeupe. Tangu siku hiyo nililivaa lile koti hata nikiwa naoga.

Laboratwari yenyewe ilikuwa na vyombo vingi kuliko dagaa wa ziwani, vyote kabatini, vyote ndani ya nailoni zake. Ufunguo ulitoka siku ya mtihani tu, wasije wanafunzi wakaviharibu. Kwa hiyo mtihani ulikuja kupima ustadi wa mikono ambayo haikuwahi kushika kitu.

Tuliambiwa tuchemshe maji, tusome kipimajoto, tuandike. Jiko la jirani yangu wa meza lilikataa kuwaka. Hakuhangaika. Alikunja mikono ya shati lake lililopigwa pasi, akaandika.

"Kaka, maji yako iko wapi?" nikamnong'oneza.

"Iko mu kitabu. Mia. Wewe pika tu, labda utatusongea na bugali."

Maji yangu yalitokota mpaka mvuke ukafunika nusu ya Burundi. Kipimajoto kikasimama kwenye tisini na saba. Nikakitoa, nikakifuta, nikakirudisha. Nikaomba kingine. Tisini na saba. Ndipo nikakumbuka somo la mwalimu: ziwa letu liko juu sana kuliko bahari, hewa huku ni nyepesi, na maji hutokota kabla ya kufika mia. Nikaandika nilichokiona, na sababu yake chini, kwa mwandiko wa harusi.

Mtahini alikuwa ametoka Bujumbura. Aliniita mbele ya wote, mwalimu wetu akiwa kando yake.

"Tisini na saba. Ulikuwa na haraka ya kwenda wapi?"

"Mukubwa, yalichemka kabisa. Hata dirisha iko shahidi."

Darasa likacheka. Naye akacheka, na hapo nikajua nimekwisha. Akagonga kidole kwenye bareme, ile karatasi ya majibu na pointi zake. Ilisema mia. Kwenye kusoma kipimo nikapewa sifuri.

Nilimsubiri mwalimu nje.

"Mwalimu, si ni wewe ulitufundisha habari ya hewa?"

"Ni mimi."

"Na pale ndani ulinyamaza."

"Mwanangu, yule anakupima wewe leo. Mimi ananipima kila mwaka." Akafuta miwani ambayo haikuwa na vumbi. "Diplome utapata. Amahoro, nenda kwa amani."

Diplome nilipata kweli, ya kupita kwa kucha. Koti alipewa jirani yangu, na linamkaa vizuri, siwezi kusema uongo. Sasa ndiye anayepima wengine, na kabati lingali limefungwa.

Jumatatu nilirudi kiwandani, kwenye pipa langu la chikichi. Bosi alipita na kijiti chake cha meno.

"Injinia, chikichi zimechemka?"

Nikamwambia hilo aulize Bujumbura. Akanitazama kidogo, akaokota mti mrefu kando ya pipa, akaanza kukoroga mwenyewe.