Meza Yetu Iliyogoma Kula

Zzzip.

Zipu ya begi, gizani, sebuleni kwetu. Hata jogoo hajawika.

Nikakurupuka, nikawasha taa. Mdogo wangu Maura alikuwa mlangoni, koti mwilini, viatu mkononi kama mwizi.

"We! Unatoroka kwenda wapi?"

"Chuoni. Nikawaambie hapana, uso kwa uso."



Jamani, Maura nimemlea mimi tangu mama afariki. Shule yangu ni ya jioni, nikitoka kazini, mwanangu kanilalia mapajani. Maura kapata chuo kidogo cha sifa kule milimani, masomo ya haki za jamii, bure kabisa! Siku hiyo waliokubaliwa walialikwa kukitembelea, na ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kujibu. Akikataa, kinabaki chuo cha hapa mjini, ambacho somo hilo hakina.

"Wapishi wao wamegoma, dada. Nimeona kwenye simu. Watakuwa getini."



Sisi ni ukoo wa wachimba makaa wa Pennsylvania. Kwetu unaweza kukosa kanisani ukasamehewa. Lakini kuvuka mstari wa waliogoma, kuwapita walipojipanga getini? Babu Walt alikufa hasemi na kaka yake kwa kosa hilo.

"Babu kalala zake, Maura. Wewe una maisha."

"Kamwambie hivyo kaburini kwake, uone."

"Basi nakupeleka mimi. Ukakatae mbele yangu!"

Nikambeba Tillie wangu, ana miaka minne, na nguo zake za kulalia hivyo hivyo. Tukaondoka. Njia nzima tumenuniana.

Getini walikuwepo kweli. Mabango juu, wanapiga ndoo kama ngoma, wanazunguka. Maura akashuka, akasimama pembeni, machozi yanamlengalenga.

Mama mmoja mwenye kofia ya jikoni akamfuata.

"Binti, mbona umeganda kama nguzo? Si umekuja kutembelea?"

"Sivuki mstari wenu, mama. Babu yangu alichimba makaa."

Yule mama akacheka mpaka bango likapinda.

"Njooni mumwone huyu! Mwanangu, sisi tumegomea jiko, madarasa hatuna ugomvi nayo. Ingia! Ila chakula chao usiguse. Wamekodi wapishi wengine kutuziba midomo."

Nilitamani kumkumbatia. Mlango tulionuniana kwa ajili yake njia nzima, kumbe tumejifungia wenyewe.

Tukaingia.

Mchana tukaketishwa ukumbini. Vitambaa vyeupe, kuku wa kuoka ananukia mpaka basi. Mkuu wa chuo anahutubia: haki, haki, haki. Watu wanatafuna tu. Sahani zetu tumezifunika kifudifudi.

"Mama, njaa," Tillie akaninong'oneza.

"Vumilia, mpenzi."

Maura akanishika mkono. 

"Dada, wakimaliza kula bila hata mtu mmoja kuuliza mbona hatuli, nakataa. Siwezi kusomea haki na watu wasioona."

Nikaanza kuomba kimoyomoyo. Aulize mtu. Yeyote, Mungu wangu.

Kuku akaisha. Ikaja keki.



Maura akavuta begi lake.

Ndipo kijana mmoja mwenye tai, meza inayotazamana na yetu, akasita na kipande cha keki kwenye uma, karibu na mdomo.

"Samahani, mbona nyie hamli?"

Maura akafungua mdomo.  Na mimi hivyo hivyo, lakini tukatanguliwa.

Leo Maura yuko mwaka wa pili pale pale. Hakukichagua kwa ajili ya maktaba wala vile vijitabu vyao vya matangazo vya kung'aa. Alikichagua kwa sababu ya zile uma: ya kijana mwenye tai kwanza, kisha za wenzake, kisha meza ya jirani, zikiwekwa chini moja moja, mpaka mkuu wa chuo akakatisha hotuba.

Mzazi mwenzangu, ukimtafutia mwanao chuo cha haki, usibabaishwe na anayehutubia. Kaa mezani. Tazama nani anauliza, na akishajibiwa, anafanya nini.

Maana jibu hatukulitoa sisi wakubwa. Tillie alipanda juu ya kiti na nguo zake za kulalia, akasema ukumbi mzima ukasikia:

"Hatuli kwa sababu wapishi wako nje."